So ya Kumi na Tatu

Mimi sipendi kelele, na nalisema hilo nikiwa muuza mchele hapa Mpemba, kando ya barabara kuu ambapo malori hayajui kulala. Za malori nimezizoea. Nilichoshindwa kukizoea ni kinanda cha Ketrina, jirani yangu wa fremu ya duka, kipindi kile alipoingiwa na wazimu wa so ya kumi na tatu. Nilimwambia wazi, dada, utanifukuzia wateja. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Wateja wako wanafuata mchele, dada Fortu, hawafuati uso wako." Ndivyo tulivyo sisi wawili. Ukitukuta tunaongea kwa adabu, ujue mmoja anaumwa.

Ketrina ni fundi cherehani, Mnamwanga wa Momba, na mumewe ni dereva wa masemi ambaye akivuka mpaka kwenda Kongo huwa tunamsahau sura. Anashona sare za shule na magauni ya vitenge ya kwaya za huku kwetu karibu zote. Jumapili ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu. Mimi naimba sauti ya pili, na kazi yangu nyingine, ambayo hakuna aliyenichagulia, ni kusema yale ambayo wenzangu wanayasema wakishafika nyumbani.

Kinanda alijifunza mwenyewe. Kanisa lilipokipata hakuna aliyejua kukipiga, kikakaa stoo ndani ya boksi lake. Ketrina ndiye aliyekuwa akiingia stoo kupima vitambaa vya madhabahu, akaanza kukigusagusa, akapata kodi tatu. Sisemi kodi za serikali, nasema za muziki, vidole vitatu vinabonyeza kwa pamoja na kutoa mlio mmoja mnene. Kodi ya do ni nyumbani, wimbo unatokea hapo na unaishia hapo. Kodi ya fa ni kutoka kidogo kwenda kwa jirani. Kodi ya so ni umesharudi, umesimama mlangoni, unataka kuingia ndani. Kwa hizo tatu alitupigia nyimbo zote za kitabu miaka nenda rudi, na hakuna aliyelalamika. Utangulizi wake ulikuwa mmoja tu kwa kila wimbo. Anazunguka weee, anaishia kwenye so, kanisa zima linavuta pumzi, anaweka do, tunaingia.

Basi, akaja baba yake.

Mzee Yesaya alitoka Ivuna, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa, baada ya kumzika mkewe. Ketrina alimfuata mwenyewe, akamwambia baba hukai hapa peke yako, akampandisha gari na begi lake la turubai na mfuko wa chumvi. Chumvi ya Ivuna mzee aliichemsha kwa mikono yake tangu ujana, na mpaka leo anaona ya dukani ni utapeli. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Na ana sauti. Naomba nieleweke hapo, sisemi sauti tamu. Ni sauti ya mtu aliyeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mbuga, nyembamba, iko juu, imenyooka, na inafika inakokwenda.

Tulimpokea kwaya kwa furaha, sauti ya tatu, maana wanaume wetu wote wanakimbilia besi. Ketrina akamshonea shati la sare. Jumapili yake ya kwanza Ketrina akapiga utangulizi, akafika kwenye so, tukavuta pumzi. Kabla hajaweka do, Mzee Yesaya akafungua mdomo akaachia mi. Peke yake. Kinanda kiko kwenye so, yeye yuko kwenye mi, ameishika, amefumba macho, hana hili wala lile. Nusu ya kwaya ikadhani tumechelewa, ikaingia. Nusu ikangoja. Benchi la mbele likaanza ubeti wa pili, na mpaka leo hakuna anayejua kwa nini. Mchungaji akakohoa.

Tukasema ni ugeni. Jumapili iliyofuata, hivyo hivyo. Iliyofuata tena, hivyo hivyo. Nilimkata jicho mpaka macho yakaniuma, lakini utamkata jicho vipi mtu aliyefumba macho?

Ketrina ndiye aliyenieleza. Kanisa lao la Ivuna halikuwa na kinanda. Wimbo ulianzishwa na mtu. Mwanzishaji anasimama wengine wakiwa bado wamekaa, anatupa sauti yake hewani na kuishikilia, na wenzake wanaidaka. Besi inajipanga chini yake, sauti ya pili inajipanga pembeni, kila aliyepata mahali pake anasimama, na wote wakishasimama ndipo wimbo unaondoka. Mzee Yesaya alikuwa mwanzishaji tangu Ketrina hajazaliwa, na sauti aliyozoea kutupa ni mi. Watu wakinyamaza mbele yake, koo lake linajua kazi moja tu. Huku kwetu kinanda ndicho kinachotupa, naye akawa anatupa juu ya kinanda.

Tatizo ni kwamba mi haikai ndani ya so. Kodi ya so ni so, ti, re. Na wakati ule Ketrina alikuwa ameanza kuongeza fa juu yake, ile wanayoiita so ya saba, na alijivunia sana. Sasa mi na fa zimebanana, ukitazama kwenye kinanda hakuna hata kibonyezo cheusi katikati yao. Zikilia pamoja, meno yanaingia ganzi.

Mwalimu wetu wa kwaya anaitwa Lwitiko, kijana mwenye adabu na mwenye wasiwasi. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, na mwaka huo sisi ndio wenyeji. Kwaya ya Ikinga ilikuwa inakuja kutoka Ileje, na ya Nakonde inavuka mpaka kutoka Zambia. Lwitiko alijaribu kila njia. Alimweleza mzee angoje do. Mzee akasema ndiyo, mwalimu, nimeelewa. Ikifika so, koo linafunguka lenyewe. Mwisho Lwitiko akamfuata fremuni kwa Ketrina, akamwamkia, akakaa kwenye kigoda. Akamwambia, "Baba, mavuno haya tunaomba ukae mbele na wageni wa heshima. Utubariki tu."

Mzee Yesaya si mtoto. Alimtazama, akasema, "Nimesikia, mwanangu." Jioni ile alilikunja shati la sare, akamrudishia Ketrina.

Kuanzia hapo akanyamaza. Sisemi kanisani tu. Yule mzee alikuwa anaimba akifagia uwanja, anaimba akimwaga mtama kwa kuku, anaimba akinyoa ndevu, mpaka nilikuwa namwambia baba, utajikata. Vyote vikaisha. Alikuwa anakaa kwenye benchi nje ya fremu, anabangua karanga, anaitikia salamu, basi. Mimi mpenda kimya, lakini kimya kile kilinikera vibaya. Roho iliniuma, na roho ikiniuma huwa nakuwa mkali kwa watu wote, wakiwemo wanunuzi.

Siku moja akamwambia Ketrina kwa utulivu kabisa, "Mavuno yakipita nitarudi Ivuna."

"Kwa nani, baba?"

"Kwangu."

Kwake ni wapi? Nyumba paa limebonyea, mke yuko kaburini, watoto wote wameshatawanyika. Ketrina akasema hayo, na mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huku nimeambiwa mimi ni mgeni wa heshima. Sasa mgeni si huwa anaaga, mama?" Ketrina akarudi ndani akakaa mbele ya cherehani, akashona mguu wa suruali ya mtu mpaka akaufunga kabisa. Ilibidi aufumue.

Mimi nikaja juu. Nilikwenda kwa Lwitiko nikamwaga yote, nikamwambia umemfukuza mzee wa watu kwa sauti laini. Akaniacha nimalize. Akasema, "Dada Fortunata, hata mimi silali. Niambie nifanye nini. Akiingia mapema wimbo unavunjika, akinyamaza anavunjika yeye." Hapo ndipo nilipozidi kukasirika.

Katika siku hizo hizo Ketrina alivuka kwenda Nakonde kuchukua vitenge vya sare za mavuno. Muuzaji wake ni Bana Chanda, mama mnene wa Kibemba anayecheka kwa tumbo lote, na ambaye naye ni mpiga kinanda wa kanisa lao. Nyuma ya majora ya vitenge ana kinanda chake kidogo. Alipomwona Ketrina uso umemshuka hakuuliza mengi, akakaa akampigia. Na katikati ya kupiga akaweka kodi moja iliyomfanya Ketrina aweke chini mzigo aliokuwa ameshaubeba.

"Bana Chanda, hiyo ni nini?"

"Ni so, mukwai," akajibu kwa heshima ya Kibemba. "So tu. Ila nimeipandisha ghorofa."

Akamwonyesha. Unaanza na nyumba ya chini, so, ti, re. Unaruka sauti moja, unaweka fa, hiyo ni ya saba. Unaruka moja, unaweka la, hiyo ni ya tisa, kwa sababu ukihesabu kuanzia so na kupanda bila kurudi nyuma, la ya juu ni ya tisa. Unaruka tena unaweka do, ya kumi na moja. Unaruka tena unaweka mi, ya kumi na tatu. Hapo umemaliza zote, hakuna sauti hata moja ya ngazi ya do re mi iliyobaki nje. Lakini chini yake bado ni so ile ile, bado umesimama mlangoni unataka kuingia nyumbani. Tofauti ni kwamba hukusimama peke yako.

Ketrina akarudi na vitenge na huo ugonjwa. Akakileta kinanda cha kanisa fremuni, akakiweka juu ya meza ya kukatia, na ndipo mateso yangu yalipoanza. Siku ya kwanza alibonyeza zote saba kwa mpigo. Nilidhani semi imefunga breki mlangoni kwangu. Akabonyeza tena. Mteja wangu akaniuliza kama jirani anachomelea vyuma.

Bana Chanda alipovuka kuja kufuatilia oda yake ya magauni alimkuta katika hali hiyo, akacheka mpaka akashika ukuta. "Awe, awe, hapana, Ketrina. Ghorofa ni kujua nani umwache nje. Re mtoe, hana jipya. Do mtoe, anagombana na ti. Mkono wa kushoto shika so huku chini kabisa, na fa. Mkono wa kulia la, ti, na mi awe wa mwisho juu. Mi na fa ni majirani wasiopatana. Ukiwalaza chumba kimoja watapigana. Mmoja akae chini, mwingine juu, watasalimiana kwa heshima." Halafu akaongeza, "Panono panono," yaani polepole, akachukua mzigo wake akaenda.

Kwa hiyo Ketrina akaanza upya, polepole. Kushoto peke yake, so na fa. Kulia peke yake, la, ti, mi. Kisha yote mawili, anashikilia, anasikiliza. Kisha anatoka hapo kwenda do, na hapo alikuwa anaenda pole sana ili aone kila sauti inavyotembea. Fa inashuka hatua moja. Ti inapanda hatua moja. La inashuka. So ya chini inaruka kwenda do. Akishaizoea, anahamisha do mahali pengine kwenye kinanda na kuanza tena, vidole vinapotea, anarudia. Mteja akija anapimwa kiuno, akitoka anarudi kwenye la, ti, mi. Na mguu wake wa kulia muda wote ulikuwa unakanyaga pedeli ya cherehani ambayo haipo. Nilimwonyesha, tukacheka wote, lakini mguu haukuacha.

Baba yake alikuwa pale nje na karanga zake.

Alasiri moja foleni ya malori ikasimama. Ikisimama na madereva wakizima injini, huwa panatulia ghafla hata ukasikia kuku. Ketrina alikuwa amehamisha do mahali papya na kidole chake cha mwisho kilikuwa kinatafuta mi. Kushoto ameshashika, so na fa. Kulia la na ti zinalia. Kidole cha mi kinatangatanga hewani. Mimi nilikuwa napima mchele.

Nje, Mzee Yesaya akaachia mi.

Ikakaa. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Sauti ile ile iliyokuwa inatutia ganzi kanisani iliingia juu ya la na ti ikakaa mahali pake, na kodi nzima ikafunguka. Kibaba changu kikabaki hewani, mchele ukamwagika chini.

Mzee akajifunika mdomo. "Nisamehe, mama. Nimekuharibia."

"Baba," Ketrina akasema. "Rudia."

"Nitakuharibia."

"Baba, nakuomba. Rudia, na usiiachie."

Akairudia, kwa woga mwanzoni, kisha ikanyooka. Ketrina akaishikilia so yake chini ya sauti ile kwa muda, halafu polepole akaenda do. Fa ikashuka, ti ikapanda, so ikaruka, na mzee akabaki pale pale alipokuwa. Maana mi ni ya do pia, ni ya pale nyumbani. Kila sauti ilihama isipokuwa ya kwake. Ketrina akaweka kichwa juu ya kinanda, kikalia mlio mbaya sana, na akawa analia na kucheka. "Ni yako, baba," akasema. "Hiyo ya juu ni yako. Kodi yangu ndiyo ilikuwa fupi."

Tulimtumia Lwitiko ujumbe, akaja mbio akidhani kuna msiba. Akakaa juu ya gunia langu la mchele bila kuomba, nikamsamehe kwa sababu ya siku yenyewe. Wakampigia, na mzee akatupa. Lwitiko akasema, "Tena." Wakarudia. Akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Lakini akili yake haikulala. "Kanisa zima limezoea," akasema. "Wakisikia so tu wanajua ni sasa. Kodi ikivutwa namna hii, watavamia kabla mzee hajatupa." Alikuwa sahihi. Akamgeukia mzee. "Baba, kule Ivuna watu walikuwa wamesimama au wamekaa?"

"Wamekaa. Asimamaye ni mwanzishaji. Wengine wanasimama wakishadaka."

Lwitiko akapiga goti lake kwa kiganja. Huku kwetu mtu aliyekaa haanzi wimbo, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo kwaya yote ikae, kanisa likae, asimame Mzee Yesaya peke yake. Nami nakiri, kijana yule alinifurahisha siku hiyo, na nikamwambia, ingawa nilimwambia pia aondoke juu ya gunia langu.

Tukafanya mazoezi, na mazoezini mzee hakukosea. Akarudishiwa shati lake. Akaanza tena kuwaimbia kuku. Lakini kuhusu Ivuna hakusema kitu, na asubuhi ya mavuno Ketrina alinivuta pembeni ya kanisa na macho mekundu. Begi la turubai lilikuwa mlangoni mwa chumba cha baba yake, limefungwa, na koti juu yake. Basi la kwenda kule linaondoka Jumatatu. "Anasema atatuimbia vizuri aage vizuri," Ketrina akaniambia.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mbele pana mahindi, kahawa ya Mbozi kwenye vikapu, maboga, kuku wamefungwa miguu. Kwaya ya Ikinga kushoto, ya Nakonde kulia na Bana Chanda ameenea mwisho wa benchi. Zamu yetu ikafika. Kwaya imekaa. Mzee Yesaya akasimama katikati yetu, peke yake, mrefu, shati limepigwa pasi.

Ketrina akaanza kuzunguka kama kawaida yake. Akafika kwenye so. Mzee akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Na mzee wa kanisa mmoja wa benchi la mbele, mtu mwema, mtu aliyekuwa anakumbuka zile Jumapili zote na hakutaka rafiki yake aaibike mbele ya wageni, akanyoosha mkono akamnong'oneza, "Ngoja, Yesaya. Bado."

Mzee akafunga mdomo.

Nilitamani ardhi imeze mtu, na nilijua ni mtu gani. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mzee Yesaya, nikaona mabega yake yanashuka. Alitazama chini. Nilijua anawaza nini, kwamba amekosea tena, kwamba ni bora basi la Jumatatu. Kanisa likaanza kugeukiana.

Ketrina hakwenda do. Angeweza. Angeweka do, sisi tungesimama tukaimba, na hakuna mgeni angejua. Badala yake akabaki mlangoni. Akashika so na fa mkono wa kushoto, akaongeza ti, kisha la, moja moja, taratibu, na kila alipoongeza kodi ikazidi kuwa pana na kuzidi kutaka kurudi nyumbani. Watu wakaacha kugeukiana. Kidole chake cha mwisho kilikuwa juu ya mi, na hakukibonyeza. Alikiinua hewani kila mtu akakiona, akamtazama baba yake. Ilikuwa nafasi moja tu imebaki tupu, na aliiacha hivyo. Akapiga tena, laini, akangoja. Akapiga tena, akangoja.

Mimi uvumilivu ukaniisha. Nikanyoosha mkono nimfinye mzee kiunoni, naapa, vidole vilikuwa vimeshafika kwenye shati.

Akainua kichwa, akaitupa.

Wallahi sijawahi kuisikia hivyo, na mimi wala si Mwislamu. Iliruka juu ya la na ti ikajaza kanisa mpaka kuku wakanyamaza. Besi wakaidaka, wakasimama. Sauti ya kwanza ikasimama. Sisi wa pili tukasimama, mimi machozi yananitoka na sijali. Na wote tulipokuwa tumesimama, Ketrina akaweka do. Fa ikashuka, ti ikapanda, zikamkuta Mzee Yesaya pale pale alipokuwa ametungoja tangu Jumapili ile ya kwanza. Wimbo ukaondoka, na kanisa lote likaingia kwa pamoja, na Ikinga, na Nakonde, na Bana Chanda anapiga benchi kwa mikono miwili.

Walituomba turudie, tukarudia. Yule mzee wa benchi la mbele alikuja kuomba radhi wakati wa chakula, na Mzee Yesaya akamwambia akae, akamsogezea chumvi.

Jumatatu nilichelewa kufungua kwa makusudi, maana sikutaka kuona mtu akipanda basi. Nilipofika nikakuta begi la turubai juu ya meza ya Ketrina. Tupu. Mishono imefumuliwa, zipu imetolewa, naye ameshika chaki anachora.

"Hilo si begi la baba?"

"Kalileta mwenyewe asubuhi. Anasema kinanda kinaingia vumbi la malori, nikishonee kifuniko."

"Na yeye yuko wapi?"

"Uani, anawapa kuku mtama," akasema. "Kwani husikii?"

Nikasikia. Nikamwambia wewe unanijua, mimi sipendi kelele, nikaenda kwangu nikaufungua mlango wa uani wote.